Hewa ya Baridi ya Kituku

Goma, Kituku, tarehe 2 Agosti

Kwako Papa Adalbert,

Habineza ananipigia honi tayari, kamiyo yake inapanda Butembo leo, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi juu ya pipa la mafuta ya mazutu. Usicheke mwandiko. Charline anakusalimia, na tumbo lake nalo linakusalimia, maana limeanza kuonekana.

Papa, nimepata kazi. Si ya kumwaga mafuta, si ya kufunga tiyo kwa waya. Kazi! Kuna Mama Ernestine, mwenye boti ya mbao inayoleta maharagi na watu kutoka Minova. Moteri yake ya zamani ilikufa katikati ya ziwa, abiria wakapiga kasia kwa masahani mpaka wakafika. Sasa amenunua moteri ya turbo iliyotoka kwenye kamiyo, ya mazutu, silinda sita. Alikuwa anatafuta fundi wa kuiingiza botini, mimi nikasema "niko", na nilisema mbele ya wenye maboti wote wa Kituku. Nikifaulu, wote watakuja kwetu, mimi na mushirika wangu Baharanyi, Muhavu wa huku huku kando ya ziwa. Nikishindwa, Mungu wangu, narudi kwako na sanduku la funguo kichwani, na kaka yangu Gauthier kule Birere atanicheka mpaka Noeli.

Shida yangu ni hewa. Kwenye kamiyo, turbo ilikuwa inavuta hewa kupitia tiyo ndefu iliyopanda mpaka juu ya kabina. Mama Ernestine hataki tiyo inayosimama botini, anasema itakula nafasi ya magunia matatu na kumuziba kapiteni macho. Niipeleke wapi basi? Halafu moteri hii ina papiyo, ule mulango mudogo unaofungua na kufunga njia ya hewa. Zile mazutu za zamani ulizonifundishia hazikuwa nayo. Ninazo mbili: yake yenyewe, imelegea kwenye viungo, na nyingine kubwa niliyoitoa kwa gari lililokufa. Nichukue ipi, na niiweke wapi, mbele ya turbo ama nyuma yake?

Najua masikio yako hayasikii simu tena, na meseji unasema ni za watoto. Andika basi. Nangoja.

Mutoto wako,
Onésime


Butembo, Furu, tarehe 9 Agosti

Onésime,

Nimepokea. Mwandiko wako ni mubaya kama zamani, lakini maswali ni ya mutu anayefikiri. Nimewasomea vijana wa garaji, nikawaambia: muone, huyu alifagia hapa miaka minne.

Sasa sikiliza, na ufanye kama nilivyoandika.

Turbo ni mulafi. Ukimupa hewa ya moto atakula nyingi na hapati nguvu, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Ukimupa ya baridi, anashiba. Ndiyo maana miaka thelathini na nane nasema maneno yale yale: hewa ya baridi, njia fupi, mulango mupana.

Tiyo ya juu uitupe. Huyo mama ana haki. Hewa ya juu ya boti ni ya jua, hewa ya baridi iko chini, karibu na maji. Peleka mudomo wa tiyo chini ya sakafu, ubavuni, pahali pakavu lakini pa chini kabisa. Papiyo chukua ile kubwa. Uiweke mudomoni kabisa mwa tiyo, mbele ya turbo. Siku wimbi likiingia, kapiteni anavuta waya, mulango unafunga, moteri inakufa bila kunywa maji. Moteri iliyokufa inaamka kesho. Iliyokunywa maji ni chuma cha kuuza kwa kilo.

Kabla ya kuiingiza botini, uijaribu hapo garajini siku nyingi, asubuhi na muchana, mudomo wa tiyo ukiwa chini vilevile. Huna fose, lile shimo la fundi kushukia? Chimba. Tafuta pahali pa baridi kuliko pote, na usitafute kwa macho, tafuta kwa mukono. Weka kiganja chini asubuhi. Pale ngozi inaposimama, hapo ndipo.

Na sheria yangu usiisahau: unabadilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukigusa viwili, moteri ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya. Utakuwa mwenye bahati, hutakuwa fundi.

Masikio yamekufa kabisa sasa, hata kengele ya misa naisikia kwa miguu. Mikono bado mizima.

Adalbert, Fundi Mukubwa


Goma, tarehe 17 Agosti

Papa,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya moteri, kama tulivyokuwa tunafanya kwako. Baharanyi alicheka: "Unaisomea chuma?" Nikamuambia kwetu fundi hagusi kitu mpaka barua ya muzee imeisha.

Fose ilikuwepo tayari! Garaji yetu iko kwenye kabonde kati ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, hatua mia kutoka ziwani. Mwenye kiwanja alitupangisha karibu bure, na nyuma kulikuwa na shimo lililofunikwa kwa mbao. Nimeshuka, linanifika mabegani. Nikaweka kiganja chini saa kumi na mbili asubuhi, na Papa, ngozi ilisimama! Baridi ya friji ya mahoteli ya Himbi. Nikasema huyu muzee ni nabii.

Tumeweka papiyo kubwa mudomoni, tiyo fupi, mita moja na nusu tu. Jana saa nane muchana tuliiwasha na moteri imeimba. Mama Ernestine alikuja amevaa kitambaa cha Jumapili, akaweka mukono juu ya kifuniko, akasema hii itafika Minova kabla chai haijapoa. Wenye maboti walisimama juu ya makoro wakitazama. Nilijisikia mutu.

Lakini leo asubuhi imenikataa. Inawaka, inatoa moshi mweusi, inakohoa, inakufa. Nimeiwasha mara sita. Saa nne, jua lilipopanda, ikakubali kama hakuna kilichotokea. Ni nini hii?

Baharanyi hapendi lile shimo. Anasema huku watu hawashuki shimoni bila kuuliza, kwamba shimo la baridi namna hii ni la mazuku, upepo mubaya wa chini. Anataka tupandishe mudomo wa tiyo mpaka kwenye paa, asubuhi moja tu, tuone. Nimemuambia tungoje neno lako. Unaonaje, tupandishe?

Onésime


Butembo, tarehe 24 Agosti

Onésime,

Hapana.

Moteri iliyoimba saa nane ni nzima. Hewa ni ile ile asubuhi na muchana, Mungu hakuumba mbili. Kinachobadilika ni chuma. Papiyo uliitoa kwa gari lililokufa. Kwa baridi ya asubuhi bamba lake linashikana, halifunguki lote, moteri inakosa pumzi. Jua likiipasha, inaachia. Moshi mweusi ni nini? Mazutu nyingi, hewa kidogo. Hiyo ulijifunza mwaka wa kwanza, ama ulikuwa unalala?

Safisha viungo vyake kwa mazutu, paka mafuta, legeza visi ya nyuma nusu muzunguko. Basi. Ukipandisha tiyo na kupaka mafuta siku moja, umegusa viwili.

Kuhusu hayo mambo ya mazuku: nina miaka sabini na moja katika milima hii, nimechimba fose kumi na moja, na sijaona upepo unaomukataza mutu kufanya kazi asubuhi, isipokuwa uvivu. Muambie mushirika wako asiyependa shimo atafute ofisi.

Charline asibebe vitu vizito.

Adalbert, Fundi Mukubwa


Goma, tarehe 31 Agosti

Papa yangu,

Nimefanya yote kama ulivyoandika. Siku mbili moteri ilienda vizuri tangu alfajiri. Kulikuwa na upepo mwingi wa ziwa siku hizo, hata mabati yalikuwa yanapiga kelele, lakini mimi nilikuwa nacheka tu, nikaenda kujisifu kwa Gauthier Birere. Siku ya tatu upepo ukatulia, moteri ikafa. Ya nne pia, na ya tano.

Kuna la kuchekesha. Jumamosi tumekuta kuku wa jirani amekufa ndani ya fose, hana kidonda, macho wazi. Baharanyi akasema tumuzike. Nikamuambia kwetu kuku hazikwi, anachemshwa. Nimemula na bugali, peke yangu, maana Charline naye alikataa. Nyama haikuwa na kosa.

Mimi mwenyewe nachoka siku hizi. Nikishuka asubuhi kukaza visi, kichwa kinakuwa kizito, moyo unapiga mbio, magoti yanalegea. Nikipanda inapita. Labda ni malaria. Charline ananinywesha majani machungu ambayo yanaweza kuua malaria na mimi pamoja.

Baharanyi sasa hashuki kabisa. Jana asubuhi alishusha kibatari kwa kamba, kikazimika kabla ya kufika chini. Nikamuambia ni upepo. Akasema, "Upepo gani, kaka? Moto haukutingishika. Ulikufa tu."

Papa, nauliza tena kwa heshima, usikasirike. Tusipandishe mudomo juu, asubuhi moja? Mama Ernestine anakuja tarehe kumi na mbili pamoja na wenye maboti wote. Akikuta moteri inakohoa, ataitoa kwangu siku ile ile, na mimi hapa Goma nitakuwa nimekwisha.

Onésime


Butembo, tarehe 6 Septemba

Onésime,

Mara ya pili unaniuliza swali moja. Kwangu mwanafunzi haulizi mara mbili, unakumbuka. Mara ya kwanza anataka kujua. Mara ya pili anamupima mwalimu.

Huyo Baharanyi anakuvunja moyo. Leo kibatari, kesho atakuletea muganga na manyoya. Wewe ni fundi ama ni mutu wa hadithi? Kama unaogopa shimo, sema, nitamutuma kijana mwingine amalize kazi yako, na wenye maboti watamujua yeye.

Sasa tutamaliza. Papiyo inashikana, na njia ya kuthibitisha ni moja, mukono. Chagua asubuhi isiyo na upepo. Saa kumi na mbili, kabla jua halijagusa fose, ushuke, ulale kwa ubavu, uso karibu na mudomo wa tiyo, uone bamba likifunguka. Shika kiungo chake kwa vidole viwili. Mushirika wako aiwashe huko juu. Inapoanza kukohoa usitoke, hapo ndipo papiyo inakusemesha. Moteri hata ikifa, kaa, sikia bamba linavyorudi. Hesabu polepole mpaka mia mbili. Kichwa kikiuma, vumilia, ni dakika chache.

Mikono hii ilijifunza hivyo, kifudifudi chini ya makamiyo, na hakuna aliyenibembeleza. Nakuamini kuliko wote niliowafundisha. Ndiyo sababu nakugombeza.

Adalbert, Fundi Mukubwa


Goma, tarehe 10 Septemba

Papa,

Habineza amenipa barua yako sasa hivi na anageuza kamiyo saa hii hii, basi ni maneno machache. Reseau ya simu imekatika mujini tangu Jumapili. Hata ungekuwa na masikio nisingekupigia!

Unisamehe kuuliza mara mbili. Umesema kweli, woga ulikuwa umeniingia. Nimeisoma barua mbele ya moteri mpaka mwisho. Baharanyi akasema hataiwasha mimi nikiwa chini. Tukagombana. Wacha nikuambie ukweli, nimemuita muoga mbele ya watu wa Kituku, na amelia. Mwishowe amekubali, lakini alitaka anifunge kamba kiunoni. Nimekataa. Mimi si mbuzi.

Kesho asubuhi nashuka. Ziwa limetulia tangu jana, hakutakuwa na upepo, kama unavyotaka. Nitahesabu mpaka mia mbili, na kesho kutwa Mama Ernestine akishaondoka nitakuandikia barua ya furaha, ndefu, nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mutoto wako anayekutii,
Onésime


Butembo, tarehe 13 Septemba

Onésime,

USISHUKE.

Kama unasoma hii, uko hai, na mengine yote si kitu. Usishuke tena. Charline asikaribie. Mutu yeyote asikaribie. Jazeni lile shimo mawe.

Habineza amekaa hapa mbele yangu. Ameleta barua yako, nikaisoma huku yeye akinywa chai. Akaona natabasamu, akauliza kwa mukono, kuna nini? Nikampa zote azisome. Nilijivuna, Onésime. Nilitaka aone namna ninavyofundisha kutoka mbali. Yeye amezaliwa Goma. Alipofika kwenye ile ya kuku aliweka kikombe chini. Kwa kuwa sisikii, aliandika kwenye kipande cha kartoni, kwa herufi kubwa: MUZEE, HII SI MOTERI. HII NI MAZUKU.

Ameniandikia yote, kartoni mbili zimejaa. Kwamba chini ya makoro kunatoka hewa isiyo na harufu wala rangi, nzito kuliko hewa yetu. Asubuhi tulivu inajaa kwenye mashimo kama maji kwenye beseni, mpaka upepo au jua viiondoe. Taa inazimika ndani yake. Kuku anakufa. Mutu anasikia kichwa kizito, magoti yanalegea, analala. Kila mutoto wa Goma anaijua, aliandika, na akaniuliza: nyinyi wa Butembo hamukuambiwa?

Tuliambiwa. Baharanyi alituambia.

Ile baridi niliyokutuma uitafute kwa kiganja ndiyo hiyo. Papiyo haina kosa. Moteri ilikuwa inakosa hewa kwa sababu hewa haikuwepo.

Uliandika "kesho asubuhi". Kesho hiyo imepita siku mbili. Nimewatuma vijana wapige simu tangu saa tatu, haipiti. Habineza hajalala, lakini anarudi sasa hivi, kamiyo tupu, bila muzigo, kwa sababu nimemupigia magoti.

Pandisha mudomo juu ya paa. Muombe Baharanyi musamaha kwa jina langu. Nijibu hata neno moja, mutoto wangu. Hata kama ni la kunitukana.

Adalbert


Goma, tarehe 18 Septemba

Papa Adalbert,

Ni mimi Charline. Habineza walimuzuia siku mbili kwenye barriere ya barabarani. Barua yako ilifika juzi, nikaifungua mimi. Onésime tulimuzika tarehe kumi na nne.

Alishuka asubuhi ile, kama alivyokuandikia. Baharanyi aliiwasha moteri, ikakohoa, ikafa. Anasema ilipokufa, katika ule ukimya, alimusikia Onésime anahesabu huko chini. Alikuwa amefika hamsini na kitu. Baharanyi akamuita atoke. Akajibu, "bado". Akaendelea kuhesabu, namba zikaanza kuchanganyika, alirudia sitini mara tatu. Halafu hakusema tena.

Baharanyi alivuta pumzi, akaziba pua na mudomo, akaruka ndani na kamba, akamufunga chini ya makwapa, akapanda kumuvuta. Alipomufikisha juu naye akaanguka, alitapika muchana kutwa. Mimi nilifika nikiwa na uji wa asubuhi mukononi. Niliushika ule uji sijui muda gani, hakuna aliyenipokea.

Sina nguvu ya kukulaani. Ya kukusamehe pia sina. Nakuandikia kwa jambo lingine.

Gauthier anasema ni karuho, kwamba Baharanyi alimutilia sumu kwenye chai. Kituku nzima iliwasikia wakigombana siku moja kabla, ilimuona Baharanyi akilia kwa hasira. Majirani wanapomuambia Gauthier ni mazuku, anajibu: huyo Muhavu alisema tangu mwanzo kwamba shimo litaua, alijuaje? Na kama alijua, ni nani aliyemupeleka ndugu yangu kule chini, kama si yeye? Kila akiuliza hivyo, watu wote wananyamaza, na mimi nanyamaza pamoja nao. Wamevunja nyumba ya Baharanyi. Mama Ernestine amemuficha kwake, Himbi. Jumamosi, tarehe ishirini na sita, tunatoa kilio, tunamaliza matanga, na Gauthier ameapa kwamba siku hiyo watamutafuta nyumba kwa nyumba. Vijana wake wana petroli. Nimeiona.

Barua zako zote nne ziko kwangu, nimezificha ndani ya gunia la unga. Nikizitoa, Baharanyi anapona, na jina lako linaisha, hapa na kwenu. Onésime alikupenda kuliko baba yake aliyemuzaa. Usiku wa mwisho alinisomea ile ya tarehe sita, pale unaposema unamuamini kuliko wote, akairudia, alikuwa anafurahi kama mutoto.

Lililo sawa nalijua, na siku hiyo nitalifanya. Lakini ni wewe uliyeziandika. Nimetaka nisikie kutoka kwako mwenyewe.

Charline


Butembo, tarehe 22 Septemba

Mama Charline,

Zitoe.

Ndani ya bahasha hii utakuta na zile nne alizoniandikia yeye. Zisomwe kwa zamu, yake, yangu, yake, yangu, kama tulivyoandikiana. Gauthier azisome yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote. Akifika kwenye ya tarehe thelathini na moja, pale ndugu yake anaponiuliza mara ya pili kwa heshima, asiruke. Akifika kwenye jibu langu, asome polepole. Anauliza ni nani aliyemupeleka chini. Sahihi iko pale, na cheo changu.

Ujue na hili. Barua yako ilipofika niliandika jibu lingine kwanza. Niliandika kwamba ni moyo, kwamba kijana alikuwa na malaria, kwamba mafundi wanakufa, na zile barua za kazi hazina maana uzichome. Niliiandika vizuri, hata machozi nilitia. Nimelala nayo siku moja. Asubuhi nimeitia motoni, lakini niliiandika, na sitaki unidhanie mutu mwema.

Hakuna sumu iliyomuua Onésime. Kuna muzee aliyezoea kuitikiwa. Aliambiwa jina la kile kitu na mutu aliyezaliwa kando yake, akamuita muvivu. Aliulizwa kwa upole mara mbili na mutoto aliyemutii kuliko wote, akamutia aibu ya kuuliza. Uwaambie watu wa Kituku kwamba Baharanyi ndiye fundi pekee aliyekuwa katika kazi ile.

Garaji nimeifunga. Vijana wananitazama, hawajaelewa. Nimewaandikia ubaoni waende kwa fundi anayekubali kuulizwa hata mara kumi.

Nakuja na Habineza, tunaondoka leo. Barua hii anaibeba mwenzake wa kamiyo ya mbele, kwa sababu barriere wanaweza kunirudisha mimi, na maneno haya lazima yafike kabla ya Jumamosi. Baharanyi asitoke Himbi mpaka yamesomwa.

Nikifika kwenye kilio, watu wataona nywele nyeupe, watasimama, mutu atakimbia kuniletea kiti. Ndivyo tunavyofanya kwa wazee. Umuzuie. Nitakaa chini, kwenye makoro, pahali Gauthier ataniona vizuri, na nitasema mwenyewe.

Adalbert